Masika yakikolea: mwongozo wa bustani ya uani

Aprili ndiyo inayoipima bustani ya nyumbani pwani yetu. Kwa Dar es Salaam ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote, kwa wastani zaidi ya milimita 200, na ni katika majuma hayohayo kaskazi inapokata na kusi inaposhika zamu. Mvua na upepo vinakuja pamoja. Mchicha uliokuwa umesimama vizuri jioni unakutwa asubuhi umelala kifudifudi, nyanya zimenyauka zikiwa bado kijani, na mpapai wa pembeni umeinama kuelekea kwa jirani. Wengi hapo hukata tamaa, huiacha bustani ijae magugu hadi Juni, kisha huanza upya. Hakuna haja. Masika yana mboga zake, na ukijua yanachoharibu na kwa njia gani, utakula kutoka uani mwako miezi yote mitatu.

Kwanza tuelewane jambo moja, kwa sababu mengine yote yanatokana na hilo. Kinachoua mmea masika mara nyingi ni kukosa hewa. Mizizi hupumua. Hewa yake imo katika vijitundu vidogo vilivyo ndani ya udongo, na maji yakituama, vijitundu hivyo hujaa maji na hewa ikatoka. Mzizi usiopumua hauwezi hata kunywa maji yaliyouzunguka, ndiyo maana unaona mmea umenyauka kana kwamba una kiu huku umesimama kwenye dimbwi. Mwenye bustani asiyejua hili humwagilia tena, au huweka mbolea, na kumbe mmea unazama. Mpapai ndio dhaifu kuliko yote: maji yakituama shinani kwa siku mbili tatu, unakufa, hata kama ulikuwa na matunda tele.

Kwa hiyo kazi yako kubwa msimu huu ni kuyaonyesha maji njia.

Anzia kwenye bati

Watu hushika jembe kabla ya kutazama juu. Fanya hesabu hii rahisi: milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 50. Mvua ya milimita 40, ambayo masika si ajabu kuipata kwa siku moja, inaliteremshia paa hilo lita 2,000. Hizo ni ndoo 100 zile kubwa za lita 20. Kama nyumba haina gata, ndoo zote hizo zinamwagika kwenye mstari mwembamba chini ya ukingo wa bati, na wengi wetu ndipo hapohapo tulipopanda, kwa kuwa kiangazi pana kivuli cha ukuta na ni karibu na jiko.

Tengeneza gata kabla ya kununua chochote kingine cha bustani. Kama gata la dukani ni ghali, bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu na kufungwa kwa waya chini ya kingo za bati linafanya kazi ileile. Elekeza maji kwenye pipa au tangi lenye mfuniko, na yale ya kufurika yapewe njia ya kwenda mtaroni. Usipoweza kabisa, basi hamisha tuta: acha nafasi ya hatua moja kutoka ukingo wa bati, na hapo yanapodondokea maji mwaga kokoto au vifuu ili yasichimbe ardhi na kurusha tope kwenye majani.

Baada ya hapo subiri mvua kubwa, na ikinyesha, mradi hakuna radi, vaa koti utoke nje. Dakika kumi za kutazama zitakufundisha mengi kuliko siku nzima ya kukisia jua likiwaka. Tazama maji yanaingilia wapi uani, yanasimama wapi, yanatokea wapi. Choma vijiti mahali hapo. Mvua ikikatika na udongo ukipungua maji, chimba mtaro kufuata vijiti vyako: upana wa jembe na kina cha shubiri moja na nusu vinatosha uani. Hakikisha kila mita moja ya mtaro inashuka angalau sentimita moja, la sivyo utakuwa umechimba bwawa jembamba la kufugia mbu.

Wapi uyapeleke hayo maji, hapo ndipo panapohitaji busara. Usiyapeleke kwenye msingi wa nyumba, wala kwenye shimo la choo, wala usiyatobolee ukuta yaingie kwa jirani. Ugomvi wa maji ya mvua hauishi upesi. Ukikosa mtaro wa mtaa, chimba shimo la kunywea maji mbali na nyumba na mbali na choo, kisha lijaze mawe, vipande vya matofali na vifuu. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbagala shimo kama hilo linakunywa vizuri. Kwenye udongo wa mfinyanzi wa mabondeni halitakunywa, na huko ni afadhali ukubali kwamba kona ile ni ya maji na upande magimbi. Magimbi yanapenda miguu iliyolowa, majani yake makubwa yanazuia matone yasipige udongo, na utachimba chakula mahali ambapo vinginevyo pangekuwa matope tu.

Tuta la kiangazi si tuta la masika

Wakati wa jua kali tulifundishwa kuchimba matuta ya kudidimia, ili maji ya kumwagilia yasikimbie. Ni elimu nzuri, lakini masika tuta lile linageuka beseni. Kabla mvua hazijakolea, ligeuze: chota udongo wa njiani uuweke juu ya tuta, hadi liinuke sentimita 20 au 30. Njia ikiwa chini na tuta likiwa juu, njia yenyewe inakuwa mtaro. Upana usizidi mita moja, ili uweze kufika katikati kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Udongo uliolowa ukikanyagwa unashindiliwa, na hewa uliyohangaika kuirudisha inatoka tena kwa nyayo zako.

Hata kulima kuna saa yake. Chukua udongo mkononi, ufinye. Ukichuruzika maji, au ukabaki donge linalong'aa, rudisha jembe ndani. Ukifinyika kisha ukasambaratika ulipougusa kwa kidole, endelea.

Matandazo usiyaondoe, ila yapunguze. Kazi yake sasa si kutunza unyevu bali ni kuzuia tone la mvua lisirushe tope kwenye majani ya chini, kwa sababu vimelea vingi vya ukungu vinapanda mmea kwa njia hiyo. Nyasi kavu au makumbi ya nazi, tabaka jembamba, yasiguse shina. Pumba za mpunga ziache. Mvua ya kwanza itazisomba zote hadi barabarani.

Mbolea nayo inahama na maji, hasa kwenye mchanga. Ukiona majani ya chini ya mchicha yanakuwa njano, usikimbilie kuweka mbolea; fukua kwanza pembeni ya shina ukatazame mizizi. Mizizi myeupe na migumu maana yake mmea una njaa: mpe samadi iliyooza, kidogo kidogo, kila baada ya wiki mbili, wala si yote kwa mara moja. Mizizi ya kahawia inayovunjika kwa ulaini, na udongo unaonuka kama yai viza, maana yake mmea umezama, na samadi haitauokoa. Rudi kwenye mtaro.

Panda kinachopenda mvua

Nitasema wazi ninachoamini: nyanya si zao la masika kwa mwenye uani mdogo pwani. Joto na unyevu vinapokaa pamoja, magonjwa yanakuwa na nguvu kuliko wewe, na utatumia fedha nyingi kwenye dawa kuliko thamani ya nyanya utakazochuma. Ukiwa na hamu nazo, panda miche miwili mitatu kwenye ndoo zilizotobolewa chini, uziinue juu ya matofali, uziweke barazani mahali zinapopata jua bila kupigwa na mvua.

Ardhi yenyewe ipe matembele. Hakuna mboga inayolipa kama hii wakati wa mvua. Kata vipande vya marando vyenye urefu wa sentimita 30, viondolee majani ya chini, fukia nusu yake kwenye tuta lililoinuka, na mvua itafanya kazi iliyobaki. Baada ya wiki chache unachuma, nayo yanazidi kutambaa na kuufunika udongo usichukuliwe na maji. Kisamvu vilevile: huu ndio wakati wa kuchomeka vijiti vya muhogo, lakini kwenye tuta, kwa sababu muhogo ukikaa majini unaoza. Maboga yapande kwa ajili ya majani yake. Bamia inavumilia mvua vizuri mradi haisimami kwenye maji, na ikianza kuzaa ichume kila baada ya siku mbili, maana masika inakua upesi na ikikomaa inakuwa kamba tupu. Kunde, mchaichai na mrehani havitakusumbua.

Mchicha unahitaji akili kidogo. Mbegu zake ni ndogo mno, na mvua moja ya nguvu inazikusanya zote kwenye kona ya chini ya tuta. Changanya mbegu na mchanga mkavu, sia kwenye mistari inayokata mteremko badala ya kuufuata, fukia kidogo tu, kisha funika tuta kwa makuti au nyasi. Zikishaota, baada ya siku tatu hadi tano, inua kifuniko jioni ili miche isiungue. Usisie mbegu zote siku moja. Sia robo ya tuta kila wiki: mvua ikifagia robo moja, nyingine zimebaki, na kwa kuwa mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne, utakuwa na mboga mfululizo.

Miche michanga inayoanguka ghafla, shina limekatika usawa wa udongo kana kwamba limebanwa kwa uzi, imeshikwa na kinyausi. Ni ugonjwa wa kitalu kilichobanana na kulowa. Dawa yake kubwa ni nafasi: punguza miche, ipe hewa, na iinulie paa la nailoni lililoinama upande mmoja, pande zikiwa wazi.

Kusi

Simama uani utazame jua linakochomoza. Kusi itakujia kutoka mbele, upande wa mkono wa kulia. Huko ndiko kwa kuweka kinga, na kinga nzuri ni ile inayopitisha upepo kidogo. Ukuta wa tofali unauzuia upepo kabisa, lakini upepo huo unaruka juu na kushuka nyuma yake kwa vurugu, ndiyo maana mimea iliyo nyuma ya ukuta wakati mwingine inavunjika zaidi ya ile iliyo wazi. Ua wa makuti au wa matete, ule wa zamani kabisa, unauchuja upepo. Athari yake inafika umbali wa takriban mara kumi ya kimo chake, ingawa ulinzi mkubwa uko karibu zaidi.

Pilipili, bilinganya na nyanya za ndooni zisimikie miti tangu siku ya kupandikiza, ili usije ukakata mizizi baadaye. Mti ukae upande unakotoka upepo, mmea ukisukumwa usijisugue. Funga kwa kitambaa cha kanga chakavu, katika umbo la namba nane, kitanzi kimoja kwenye mti na kingine kwenye shina, kikiwa legevu kiasi cha kidole kupita. Waya na uzi mwembamba wa nailoni hukata shina.

Mgomba ukichanwa majani usihuzunike. Ndivyo ulivyoumbwa kuupisha upepo. Hatari iko kwenye mkungu. Mgomba wenye mkungu mzito kwenye ardhi iliyolowa unang'oka wote. Ukate miti miwili yenye panda, uisimamishe kama mkasi chini ya shingo ya mkungu, na uwekee kipande cha gunia pale inapogusa. Kwa mpapai, punguza uzito: chuma matunda yaliyoanza kupata mstari wa njano, yataivia ndani. Ukivunjika katikati, usiung'oe. Kata sehemu iliyochanika vizuri, kisha funika kisiki kwa kopo au nailoni, kwa sababu shina la mpapai lina uwazi ndani na maji yakiingia linaoza hadi chini. Mara nyingi utachipua pembeni.

Wanaokaa kando ya bahari, Kunduchi, Kigamboni, Paje au Jambiani, wana adha nyingine: upepo unaleta rasharasha za chumvi, na kingo za majani zinaungua na kuwa kahawia. Upepo ukivuma mfululizo bila mvua, osha majani kwa maji baridi asubuhi.

Na sikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za kila siku na tahadhari za upepo na mvua kubwa. Mapema Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia, tahadhari zilitangulia siku kadhaa. Siku mbili zinatosha kuvuna kilichokomaa, kufunga miti, kulaza ndoo na kuingiza vyungu ndani.

Mvua ikikatika

Usiingie bustanini majani yakiwa bado yanachuruzika. Mikono inayopita kwenye majani mabichi yaliyolowa inabeba ugonjwa kutoka mmea hadi mmea. Subiri yakauke, kisha fanya mambo kwa mpangilio: fungua mitaro iliyoziba, inua mimea iliyolala siku hiyohiyo, kata matawi yaliyochanika. Kama mti umeangukia nyaya za umeme, usiuguse wala usiusogelee. Piga simu TANESCO.

Pilipili au bilinganya ikinyauka ghafla huku majani ni kijani, ikaonekana kupata nafuu usiku na kunyauka tena mchana, shuku mnyauko bakteria. Kuna njia ya kuthibitisha ambayo kila mwenye bustani anapaswa kuijua. Kata kipande cha shina la chini, kirefu kama kidole, kioshe, kisha kining'inize kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi, ncha ya chini ikiwa imezama. Weka glasi mezani, usiitikise. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya mmea huo. Ung'oe na udongo wa shina lake, usiutupe kwenye mboji, osha jembe, na kwa miaka kadhaa usipande hapo nyanya, pilipili, bilinganya, nyanya chungu, mnavu wala viazi mviringo. Panda mahindi au kunde.

Dawa za ukungu zenye shaba zinakinga, haziponyi. Kunyunyiza saa moja kabla ya mvua ni kuimwagia mitaro fedha na sumu. Ukilazimika kutumia, soma lebo, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na usikubali dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo.

Konokono wakubwa hutoka usiku wakati wa mvua na wanaweza kumaliza kitalu kwa usiku mmoja. Majivu hayafui dafu yakishalowa. Watafute kwa tochi baada ya saa mbili usiku, uwaokote kwa mfuko au glavu. Usiwashike kwa mkono mtupu na usiwaachie watoto, kwani hubeba vimelea vinavyoweza kumdhuru binadamu.

Mbu nao. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda maji safi yaliyotuama kwenye ndoo, makopo na visahani vya vyungu. Yai hadi mbu ni kama wiki moja tu. Chagua siku, iwe Jumamosi, umwage kila kilichohifadhi maji, na funika pipa la mvua kwa chandarua.

Likija jambo zito zaidi, yaani maji ya mafuriko yakaingia bustanini, hapo usiangalie hasara. Mafuriko ya mijini yanapita vyooni na mitaroni kabla hayajafika kwako, na kipindupindu husafiri nayo. Mboga za majani zilizoguswa na maji hayo zitupe, kuziosha hakutoshi. Matunda yaliyo juu, ambayo maji hayakuyafikia, ni salama. Vaa buti ukisafisha. Kisha liache jua lifanye kazi, na mboga za kuliwa mbichi, kama giligilani na vitunguu majani, usizirudishe hapo kabla ya miezi mitatu au minne. Wakati huo panda mahindi, au mboga inayopikwa ikaiva.

Mvua zitaanza kupungua mwishoni mwa Mei, na kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi kizuri cha nyanya pwani: baridi kiasi, jua la wastani, ukungu kidogo. Sia mbegu zako kitaluni katikati ya Mei, chini ya paa la nailoni, ili Juni ikikaribia katikati miche iwe tayari kwa tuta ambalo halijapandwa nyanya wala ndugu zake.